Kusoma The Fountainhead ukiwa Mwanza: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi nachora ramani za nyumba hapa Mwanza, na kila Jumamosi jioni tunakaa watu kama nane hivi tunasoma kitabu kimoja taratibu. Safari hii tulichukua The Fountainhead cha Ayn Rand, riwaya ya maakitekti, na tangu tuanze maswali ni yaleyale, wengine wananiuliza mpaka kwenye daladala, kwahiyo nimeyaweka yote hapa. Maswali yanayofichua mwisho wa hadithi nimeyaweka chini na nimesema kabisa, ukiwa hujamaliza usishuke huko.

## KABLA HUJAANZA

Kitabu kinahusu nini hasa?

Kinahusu vijana wawili wa Marekani waliosomea uakitekti chuo kimoja. Howard Roark anafukuzwa mwaka 1922 kabla ya kumaliza kwasababu hataki kuchora majengo ya kuiga ya Wagiriki na mabwana wa zamani. Mwenzake Peter Keating anamaliza kwa sifa zote, anaenda New York kwenye ofisi kubwa. Na Roark amepanga chumba nyumbani kwa mama yake Keating, yaani wanajuana vizuri tu, na Keating akikwama kwenye kazi anamfuata Roark usiku amsaidie kuchora.

Kuanzia hapo ni miaka karibu 20 ya kuona nani anapanda na nani anashuka, na kupanda kwenyewe maana yake nini. Ni riwaya ya mwaka 1943 na watu bado wanaigombania mpaka leo.

Kuna mtu kaniambia kinaanzia ziwani kwenye mawe, ni kweli?

Kweli kabisa na ndo sababu mi nilikipenda kuanzia ukurasa wa kwanza. Roark amesimama uchi juu ya jabali la graniti, chini kabisa kuna ziwa, ndo ametoka kufukuzwa chuo na anacheka. Anayaangalia yale mawe anawaza yatapasuliwa yawe kuta.

Sasa mtu wa Dar atasoma hapo apite. Sisi tumezaliwa kwenye mawe hayo, Bismarck Rock tunaiona kila siku, Igogo na Mabatini nyumba zimeshikilia miamba kama mbuzi, na watu wanagonga kokoto kwa nyundo juani tangu asubuhi. Ukitaka ushauri wangu, sura ya kwanza kaisomee Capri Point jioni juu ya jiwe. Utaelewa kitu ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa.

Jina la kitabu maana yake nini?

Ni chimbuko la maji, pale mto unapoanzia. Mwandishi anasema akili ya mtu mmoja anayefikiri mwenyewe ndo chimbuko, mengine yote yanatiririka kutoka hapo. Sisi wa ziwa hili hilo wazo halitupi shida, huyo Speke mwaka 1858 alifika huku Mwanza akaliona ziwa akasema hapa ndo Nile inapoanzia.

Lakini kuna jina la mwanzo ambalo aliliacha, Second-Hand Lives, na kwa Kiswahili linakaa vizuri kuliko Kiingereza chake: maisha ya mitumba. Mtu wa mitumba kwake ni yule anayevaa mawazo yaliyokwisha kuvaliwa na wengine, anapenda kinachopendwa, anaoa anayesifiwa, anajenga kinachojengwa. Shika hilo neno mitumba, kitabu chote kimekaa hapo.

Ayn Rand ni nani?

Alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1905, jina lake la kuzaliwa ni Alisa Rosenbaum. Mapinduzi yalipokuja duka la dawa la baba yake lilichukuliwa na serikali, na mwaka 1926 akaenda Marekani hakurudi tena. Hilo la duka la baba usilisahau, hasira yake kwa mtu yeyote anayesema "kwa ajili ya wote" inatokea hapo.

Ili aandike kuhusu maakitekti alienda kufanya kazi ya kuchapa bila mshahara kwenye ofisi ya akitekti Ely Jacques Kahn, New York, mwaka 1937. Kitabu kikakataliwa na wachapishaji 12, kikachukuliwa na Bobbs-Merrill baada ya mhariri mmoja, Archibald Ogden, kuweka kazi yake rehani. Alifariki 1982.

Ni kirefu, nitamaliza lini?

Kurasa kama 700. Kurasa 15 kwa siku ni mwezi mmoja na nusu. Mi sikushauri ukimbie, ukikimbia unabaki na hotuba tu kichwani.

Kiingereza changu cha kawaida, nitaweza?

Utaweza. Sentensi zake ni fupi na watu wanaongea sana, ugumu uko kwenye maneno ya ujenzi na kwenye hotuba ndefu. Dada mmoja kwenye kikundi chetu anauza dagaa mwaloni Kirumba, aliishia kidato cha nne, na ndo anayemwelewa Keating kuliko sisi wote. Anasoma sura moja mara mbili, ya kwanza bila kamusi, ya pili na kamusi, na anaandika pembeni kwa Kiswahili kilichotokea. Fanya hivyo.

Nitakipata wapi hapa Mwanza?

Nakala zetu mbili tulizipata kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, ya tatu tuliagiza Dar ikaja na basi. Ulizia pia Maktaba ya Mkoa. Mnaoniomba niwatumie ya bure kwenye simu, kitabu bado kina hakimiliki, siwezi. Nakala zetu tunaazimana kwa wiki mbili mbili, njoo tu Jumamosi.

## WATU WALIOMO

Mbona Roark haongei wala hana hisia? Nashindwa kumpenda.

Wengi wanasema hivi mwanzoni. Roark ameandikwa kama mwamba, hamjali mtu anayemchukia, hajibu matusi. Ukimtafuta kwenye maneno humpati, mtafute kwenye kazi. Kuna sehemu benki inampa kazi kubwa wakati amefilisika kabisa, sharti tu wabandike sura ya kizamani mbele ya jengo, anakataa. Wanamwona mtu wa kujitoa mhanga, yeye anawaambia hicho ndo kitendo cha ubinafsi kuliko vyote walivyowahi kuona. Af anafunga ofisi anaenda kupasua graniti kwenye machimbo Connecticut kama kibarua.

Mi hapo nilifunga kitabu nikaenda kutembea mpaka Kamanga. Nimechora ramani nyingi ambazo sikuziamini, kwasababu kodi ya nyumba haingoji.

Keating ni mbaya au ni wa kuhurumiwa?

Kwangu mimi Keating ndo moyo wa kitabu, hata kama mwandishi hakutaka iwe hivyo. Alitaka kuwa mchoraji wa picha. Mama yake ndo aliyemsukuma kwenye uakitekti kwasababu una heshima. Msichana aliyempenda kweli, Catherine, akamwacha akaoa wa kumpandisha cheo.

Hebu niambie ni nyumba ngapi Nyakato, Pasiansi, Buhongwa, ambako mtoto alitaka kitu kimoja na wazazi wakasema utakuwa daktari, utakuwa injinia, watu watatuonaje. Tulipofika kwa Keating kikundi kizima kilinyamaza, baba mmoja mtu mzima akasema "huyu ni mwanangu", hatukuendelea kusoma siku hiyo.

Toohey anataka nini? Mbona anaongea vizuri tu?

Ndo hatari yake. Ellsworth Toohey anaandika makala kwenye gazeti, anahubiri upendo, usawa, kujitoa, na hajawahi kusema neno baya hadharani. Anachofanya ni kusifia vitu vya hovyo mpaka watu washindwe kujua kizuri ni kipi. Ukisoma maneno yake, kila mara jiulize nani anafaidika mtu huyu akiwa mnyonge. Majibu marefu anayatoa mwenyewe karibu na mwisho akiongea na Keating, usiruke hapo.

Na Gail Wynand?

Mtoto wa mitaani New York aliyekuja kumiliki magazeti, tajiri wa kutisha, gazeti lake kuu linaitwa Banner. Anadhani anawatawala wasomaji kumbe wao ndo wanaomtawala. Mengine yako kwenye swali la mwisho wa hadithi huko chini, ila mi nasema wazi kwamba yeye ndo aliyeniumiza kuliko wote.

Dominique simwelewi kabisa, anampenda Roark halafu anamharibia?

Usijilaumu, wengi hawamwelewi. Dominique Francon anaamini dunia haistahili kitu kizuri, kwahiyo akikiona kitu kizuri anataka kukiondoa kabla watu hawajakichafua. Kazi za Roark anazipiga vita ili zisiende kwa watu wasiozijua thamani. Mi naona mwandishi hapa alichora wazo akalivalisha gauni, mtu wa nyama na damu hafanyi hivyo miaka yote hiyo. Kuhusu yeye na Roark usiku ule, soma swali la chini kwenye sehemu ngumu.

Roark ndo Frank Lloyd Wright?

Majengo ya Roark yanafanana na ya Wright, akitekti wa kweli wa Marekani, na mwandishi alimheshimu sana, Wright alimchorea mpaka nyumba ingawa haikujengwa. Lakini maisha na tabia za Roark ni za kubuni, mwandishi alilisema hilo.

Anayefanana zaidi na mtu wa kweli ni mzee Henry Cameron, mwalimu wa Roark, ambaye wengi wanamwona Louis Sullivan ndani yake. Sullivan ndo aliyesema umbo linafuata kazi, alijenga maghorofa ya mwanzo yenye akili Marekani, akafa Chicago mwaka 1924 hana kitu. Zile kurasa za Cameron zisome polepole.

## UJENZI

Lazima nijue mambo ya ujenzi?

Hapana. Jua tu kwamba miaka hiyo Marekani walikuwa na chuma na zege na lifti, wanaweza kupanda ghorofa 40, halafu nje wanabandika nguzo za hekalu la Kigiriki. Basi.

Roark anaposema Parthenon, lile hekalu la Wagiriki wa kale, ni mbovu si anakosea? Mi nimeona picha ni zuri.

Hasemi ni baya kwa macho. Anamwambia mkuu wa chuo kwamba ile michirizi kwenye nguzo ilianzia kwenye mbao, kuficha maungio. Wagiriki wakaja na marumaru ambayo haina shida hiyo wakaiga michirizi ileile. Halafu sisi tuna zege tunawaiga wao walioiga mbao. Kila nyenzo ina namna yake, ndo hoja.

Lete hiyo hoja hapa kwetu sasa. Mteja anakuja na picha ya nyumba ya paa la kuficha kaiona kwenye simu, iko nchi ambayo sijui hata mvua yao ikoje, anataka hiyohiyo iwekwe kwenye mlima Nyegezi. Mvua za ziwani zikishuka maji yanakaa nyuma ya ule ukuta wa juu, mfereji ukiziba majani siku mbili dari lote limelowa. Na pale kiwanjani kuna jiwe kubwa zuri la miaka zaidi ya bilioni 2, yeye anauliza bei ya kulipasua ili pawe tambarare. Mwingine anataka nguzo nne nene barazani ambazo hazijabeba kitu. Hayo ndo mitumba yenyewe. Nyumba ya udongo ya bibi yangu Sengerema ilikuwa inajua upepo wa ziwa unatoka wapi kuliko hizi.

Na sio kwamba hatuna watu. Beda Amuli alichora soko la Kariakoo miaka ya 1970, miavuli ya zege inayoingiza hewa na kivuli, jengo linajua liko nchi ya joto. Waulize watu sokoni nani alilichora, hawajui. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, kila mtu anajua jina la kiongozi na jina la mkandarasi, mchoraji nani? Cameron na Sullivan ndo walivyokufa hivyo.

Mi ni mchora ramani, mteja anabadilisha kila kitu, nifanye kama Roark?

Kwanza usilipue kitu cha mtu (ukimaliza kitabu utajua kwanini nasema). Pili, Roark ana jambo moja zuri ambalo watu wanalisahau, anamsikiliza mteja sana kuhusu maisha yake, anaamka saa ngapi, anakaa wapi, ndo anachora. Anachokataa ni kuambiwa sura iweje. Mi tangu nisome nimebadili namna ya kuongea na wateja. Badala ya kugombania picha ya simu nawauliza, jioni mnakaa wapi, jiko la mkaa mnaliweka wapi umeme ukikatika, mama mkwe akija analala wapi. Nusu yao picha wanaiweka pembeni wenyewe. Nusu nyingine wanaenda kwa mwingine, na hiyo kodi nayo lazima uwe umeipangia.

Ila kitabu kina pengo hapa. Mafundi. Yupo Mike, fundi umeme anayemwelewa Roark kwasababu wote wanaheshimu kazi, kurasa zake ni nzuri mno, lakini ni chache. Kwetu ramani inabadilishwa saiti na fundi anayeona nondo hazitoshi au mwamba umetokea chini ya msingi, na mara nyingi yuko sahihi. Hakuna nyumba Mwanza iliyotoka kwenye kichwa kimoja.

## SEHEMU NGUMU

Ile sehemu ya Roark kuingia chumbani kwa Dominique, ni nini kile?

Anamwingilia kwa nguvu, na kitabu kinataka uone ni mapenzi. Mwandishi alijitetea kwamba mwanamke alikuwa anataka. Kwenye kikundi chetu wanawake walisema tukiite jina lake, ubakaji, na mi nakubaliana nao. Ukiwa unasoma na vijana wa sekondari usipite kimyakimya, simama hapo muongee kabla ya kuendelea. Kitabu kinaweza kuwa na jambo kubwa la kufundisha na bado kikakosea vibaya mahali.

Hiki si kinapinga undugu wetu, dini, na Ujamaa?

Kinapinga, hakifichi. Kwake kuishi kwa ajili ya wengine ni kosa, na kumlazimisha mtu aishi kwa ajili yako ni kosa pia. Mtu aliyelelewa kwenye "mtu ni watu", aliyesomeshwa na michango ya ukoo, lazima akwaruzike, mi nimesomeshwa hivyo.

Namna ninavyokisoma ni hivi: anapomsema Toohey, yaani mtu anayetumia neno "wote" ili awashike wote, yuko sahihi na sisi tunawajua watu hao. Anapofika kusema hakuna deni kati ya watu, simfuati. Roark mwenyewe ana deni kwa Cameron na analilipa mpaka kwenye kitanda cha mzee anapokufa. Kitabu kinajikanusha hapo na kinakuwa kizuri zaidi.

Sawa nimemaliza, hivi kulipua Cortlandt ilikuwa haki? (Hapa nafichua mwisho.)

Roark alimchorea Keating kwa siri nyumba za watu wa kipato cha chini, hakutaka hela wala jina, sharti moja tu, zijengwe kama zilivyochorwa. Wakazibadilisha. Akazilipua zikiwa hazina mtu. Mahakamani anajitetea mwenyewe, baraza linamwachia huru.

Tuligombana Jumamosi tatu. Makubaliano yalivunjwa, kweli, lakini yalikuwa kati yake na Keating, wale maskini waliokuwa wanangoja nyumba hawakusaini kitu na kitabu hakiwaulizi hata mara moja. Fundi mmoja kwetu anasema angelipua. Mi nasema ramani ilikuwa yake, zege lilikuwa la watu.

Na wakati wote mnabishana kuhusu mlipuko msimsahau Wynand. Anatumia gazeti lake kumtetea rafiki, kwa mara ya kwanza anasimamia anachoamini, wasomaji wanamkimbia, wafanyakazi wanagoma, na mwisho anasalimu amri anachapa maneno ya kumlaani Roark. Halafu anampa Roark kazi ya kujenga jengo la mwisho na hataki kumwona tena. Soma mazungumzo yao ya mwisho ofisini. Na Keating anapomletea Roark picha alizochora kwa siri amwangalizie, na Roark anamwambia umechelewa. Hizo kurasa mbili ni bora kuliko hotuba nzima ya mahakamani.

Filamu inatosha?

Ipo ya 1949, kaongoza King Vidor, Gary Cooper ndo Roark, na mwandishi mwenyewe ndo aliyeandika maneno. Haifiki saa mbili, kwahiyo Keating amepungua sana. Iangalie baada ya kusoma.

Nimekwama katikati, niache?

Wengi wanakwama sehemu ya pili, ya Toohey. Soma habari ya hekalu la Stoddard, ambalo Roark analichora, mpaka kesi yake iishe, halafu pumzika wiki. Sehemu ya tatu ya Wynand itakurudisha yenyewe.

Nikimaliza nisome nini?

Usome Kusadikika cha Shaaban Robert, Karama naye kasimama peke yake anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake kuitafutia nchi mema, kila mmoja akarudi na kuishia gerezani. Weka utetezi wake karibu na wa Roark: mmoja anasema mimi, mwingine anasema wale walionitangulia.

Halafu vuka ziwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, miaka miwili baada ya The Fountainhead kutoka. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Rand alikataliwa na watu 12, huyu mzee alingoja miaka 35 hapohapo kisiwani. Tunaianza Jumamosi ya kwanza mwezi ujao, nakala tunayo moja, kwahiyo tutasoma kwa sauti.